Shemasi mkuu wa Ziwa Nyasa

Waanglikana wa Ngara na Biharamulo wanaijua njia iliyowaletea imani yao. Ni njia ya CMS (Church Missionary Society): Askofu George Chambers aliyewekwa kuiongoza Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927, wamisionari wa Australia, walimu wa Katoke, na uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda, ukavuka mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuingia Bugufi, watu wakawa wanasimama hadharani kuungama dhambi na kurudisha mali walizoiba. Dayosisi ya Kagera, yenye makao yake Murgwanza, ilizaliwa mwaka 1985 kutoka katika ukoo huo. Lakini Jimbo la Tanzania, lililoundwa mwaka 1970 chini ya Askofu Mkuu John Sepeku, lina ukoo wa pili, ule wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Hawa ni watu wa ubani na mishumaa, waliotoka Zanzibar wakaenda Magila, Masasi na Ziwa Nyasa. Maaskofu wa koo hizi mbili wanaketi sinodi moja, huku waumini wa upande mmoja wakiwa hawajui sana habari za upande wa pili. Ninaandika juu ya mtu mmoja wa upande ule, kwa sababu naamini anastahili kusimuliwa Ngara kama anavyosimuliwa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Jina lake ni William Percival Johnson. Cheo chake kilikuwa shemasi mkuu, yaani kasisi anayemwakilisha askofu katika eneo fulani la dayosisi, akikagua makanisa, akiwasimamia makasisi wenzake na kusuluhisha magomvi. Katika Uingereza ya karne ya 18 kazi hiyo ilikuwa ya bwana mwenye farasi na karani. Wazee wa kanisa waliitwa mbele yake kueleza kama paa linavuja, kama kengele inalia, na nani ameonekana akiishi na mwanamke asiye mke wake. Johnson alikirithi cheo hicho karibu miaka mia moja baadaye, na katika mikono yake kikawa kazi ya miguu.

Alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma Bedford, kisha University College ya Oxford, na mbele yake kulikuwa na njia ya utumishi wa serikali huko India, kazi ya heshima na mshahara mzuri. Akaiacha. Edward Steere, askofu wa Zanzibar na bingwa wa Kiswahili, alikuwa anatafuta vijana, na Johnson akajitoa pamoja na rafiki yake wa chuo, Chauncy Maples. Wote wawili walifika Zanzibar mwaka 1876. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla, na kanisa kuu la Kristo lilikuwa linajengwa mahali pale pale palipokuwa na soko.

Steere alikuwa na mzigo wa aina yake. Kulikuwa na watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao wenyeji wa nchi za karibu na Nyasa, waliokuwa wakiishi Mbweni, Zanzibar, na kutamani kwao. Mwishoni mwa mwaka 1876 aliondoka nao kutoka pwani ya Lindi, akiwa na Johnson, akikusudia kuwafikisha mbali zaidi kuelekea ziwa. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, wasafiri waliona ardhi nzuri na wakagundua kuwa wako karibu na nchi zao. Wakasema hapa panatosha. Steere aliwakubalia, akarudi pwani, akamwachia kijiji hicho kipya kijana wa miaka 22. Mimi naona mafunzo ya kweli ya Johnson yalianzia hapo. Kabla hajajifunza kuongoza, alijifunza kukaa na watu walionunuliwa na kuuzwa, ambao sasa walikuwa wakijenga nyumba na kulima mihogo kwa hiari yao.

Masasi haikumshika. Macho yake yalikuwa yakitazama magharibi. Mwaka 1880 alikwenda peke yake hadi Mwembe, mji mkubwa wa Mataka, mfalme wa Wayao, ambako misafara ya biashara ilipangwa kuelekea Kilwa. Alikaa huko miezi kadhaa akijifunza Chiyao na kufundisha. Kisha msafara wa watumwa wa Mataka ulikamatwa karibu na pwani kwa mkono wa Waingereza, na habari zikafika Mwembe. Watu walimtazama Mwingereza pekee aliyekuwa miongoni mwao, wakahesabu, wakafikia jibu. Vitu vyake viliporwa, naye akalazimika kuondoka. Mtu mwingine angerudi Zanzibar akaandika ripoti. Johnson aliendelea mbele, akazunguka nchi ambazo wazungu wachache sana walikuwa wamezipita.

Mwanzoni mwa mwaka 1882 alilifikia Ziwa Nyasa akiwa na kasisi mwenzake, Charles Janson. Ni ziwa refu, karibu kilomita 580 kutoka kaskazini hadi kusini, na ukingo wake wa mashariki umebanwa na milima ya Livingstone inayoanguka karibu moja kwa moja majini. Upepo wa mwera unapovuma kutoka kusini huinua mawimbi makubwa kama ya bahari. Janson aliliona, akaugua, akafa Februari mwaka huohuo, akazikwa ufukweni. Johnson alibaki peke yake.

Lazima kueleza hali ya nchi wakati huo, maana bila hiyo habari za kisiwa cha Likoma hazieleweki. Vijiji vya ufukweni vilikuwa katikati ya misumeno miwili. Kutoka milimani walishuka Wangoni, wale walioitwa Magwangwara, wakichukua ng'ombe, nafaka na watu. Kutoka ziwani walikuja wafanyabiashara wa watumwa wa watawala kama Makanjila, na majahazi yao yalivusha mateka kwenda njia ya Kilwa. Watu wa ufukweni walijificha walikoweza: kwenye miamba, ndani ya maboma ya miti, kwenye nyumba zilizojengwa juu ya nguzo majini, na visiwani. Septemba 1882 Magwangwara waliivamia hata Masasi, wakachoma kijiji na kuchukua mateka, na Maples aliyekuwa huko akabaki akihangaika kuwakomboa.

Johnson aliishi katika vijiji hivyo vya ufukweni akiwa na mkeka, vitabu vichache na vijana wawili watatu. Alikula ugali wa muhogo na samaki kama wenyeji wake. Alitambua jambo ambalo wamisionari wengi walichelewa kulitambua: hapakuwa na haja ya kuwaita watu waje kwenye kituo. Watu walikuwa wamejipanga wenyewe kwenye ukingo wa maji, kijiji baada ya kijiji kwa mamia ya kilomita, na barabara yao ilikuwa ziwa. Kilichotakiwa ni chombo cha kumshusha mwalimu, kumwacha, na kurudi kumwona.

Kwa hiyo alikwenda Uingereza mwaka 1884 kuomba fedha za meli ya mvuke. Alizipata. Meli ndogo ikajengwa, ikapewa jina la Charles Janson, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa kwa mto Zambezi na mto Shire. Penye maporomoko ya Shire vipande vilibebwa vichwani hadi Matope, vikaunganishwa huko, na mwaka 1885 meli ikateremshwa majini. Katika miaka hiyohiyo ugonjwa wa macho ulimwingia Johnson vibaya. Alirudishwa kwao karibu kipofu. Baada ya matibabu alibaki na jicho moja, nalo lilikuwa dhaifu. Madaktari hawakuona sababu ya mtu wa namna hiyo kurudi Nyasa. Alirudi, na akatumika miaka mingine zaidi ya 40 kwa jicho hilohilo, akisoma kwa kuisogeza karatasi karibu na uso. Kila ninaposoma kuhusu tafsiri zake huwa nakumbuka jicho hilo.

Makao ya misheni yalichaguliwa mwaka 1885: Likoma. Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 18 hivi, chenye mawe, mibuyu na udongo haba, kilicho karibu kabisa na ufuko wa mashariki. Kama shamba, kisiwa hicho hakina maana. Kama ngome ya amani kilifaa sana, kwa sababu Magwangwara hawakuwa watu wa mitumbwi. Mwaka uliofuata Maples akawa shemasi mkuu wa Nyasa na kukaa kisiwani, akajenga shule na kulima bustani ya maua aliyoipenda mno. Johnson aliendelea kuzunguka na meli. Marafiki hawa wawili walikuwa na tabia tofauti kabisa, na nadhani misheni ilisimama kwa sababu ya tofauti hiyo. Maples alijua kuifanya nyumba iwe nyumba, na watu walifurahi kukaa kwake. Johnson hakuwa na nyumba. Alikuwa na meli, na mara nyingi hata humo alilala tu kati ya kijiji kimoja na kingine.

Kazi hiyo haikuwa salama. Mwaka 1888 Johnson alifuatana na John Buchanan, kaimu balozi wa Uingereza, kwenda kwa Makanjila. Wote wawili walikamatwa, wakatendewa vibaya, na wakaachiliwa baada ya kulipiwa fidia. Mwaka 1895 ukawa mbaya kuliko yote. Mwezi Agosti kasisi George Atlay aliuawa na Wangoni alipokuwa bara ng'ambo ya kisiwa. Siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba, Maples, aliyekuwa amewekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa la St Paul's, London, mwezi Juni, alikuwa anarudi kwenye dayosisi yake kwa mashua usiku wa dhoruba. Mashua ikapinduka. Maples akazama, pamoja na mlei aliyekuwa naye, Joseph Williams. Likoma ilipokea habari za vifo hivyo viwili kabla haijamaliza kumlilia Atlay.

Johnson ndiye aliyebaki kati ya wale waliotangulia, na baada ya hapo cheo cha shemasi mkuu wa Nyasa kikawa chake. Hakikumbadilisha. Desturi yake iliendelea kuwa ileile: meli inamshusha penye kijiji, anasalimia wazee, anaketi chini ya mti na mwalimu wa hapo kusikiliza matatizo ya shule, anawapima wanaojiandaa kwa ubatizo, anaadhimisha Ekaristi alfajiri, kisha anashika njia ya ufukweni kwa miguu hadi kijiji kinachofuata, akivuka vijito na kupanda majabali. Meli humkuta mbele. Aliyekuwa na malalamiko hakulazimika kusafiri kwenda kumtafuta shemasi mkuu. Alijua atapita.

Wakati huo ramani ilikuwa inachorwa upya na watu wasiolijua ziwa. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, na yale ya Uingereza na Ureno ya mwaka 1891, yaliupasua ufuko wa mashariki. Kaskazini kukawa kwa Wajerumani, kuanzia huko Liuli waliyoiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake. Katikati kukawa kwa Wareno. Likoma, ingawa iko mbele ya mlango wa Wareno, ikabaki ya Waingereza, na ndiyo maana leo ni ya Malawi. Watu wa Ngara hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Bugufi nayo ilikatwa kutoka Urundi na kutiwa Tanganyika baada ya vita vya kwanza vya dunia, na jamaa wakajikuta ng'ambo mbili za mpaka. Kwa Johnson matokeo yalikuwa kwamba kundi moja, lenye lugha zinazosikilizana, sasa lilikuwa chini ya bendera tatu na kodi tatu. Alivuka mipaka hiyo kila mwezi kana kwamba haipo.

Meli ya kwanza ikawa ndogo. Ya pili ilijengwa Glasgow mwaka 1899, ikaitwa Chauncy Maples, ikapelekwa kwa vipande vilivyozidi elfu tatu. Tanuri lake la mvuke, lenye uzito wa tani 11, halikuweza kubebwa kichwani. Lilifungwa magurudumu na kuvutwa na Wangoni 450 kwa kamba kupitia pori. Meli iliteremshwa majini mwaka 1901. Majina ya wale wavutaji hayakuandikwa popote ninapopajua, na huo ni upungufu mkubwa katika vitabu vya misheni, vilivyohifadhi kwa uangalifu hata majina ya wafadhili waliotoa kengele. Johnson aliifanya meli hiyo chuo. Vijana waliosomea ualimu walisafiri naye, wakajifunza masomo yao sitahani na kufanya mazoezi ufukweni.

Hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Mzungu mmoja mwenye jicho moja hakuweza kufundisha ufuko wote wa ziwa. Waliofundisha ni Waafrika, kwa posho ndogo, wengi wao vijana, mmoja mmoja katika kijiji. Augustine Ambali, mtoto aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Zanzibar, alikuja Nyasa akiwa mwalimu, akawa kasisi, na mwishowe akaandika kumbukumbu za miaka yake thelathini ya kazi huko. Yohana Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani, shule ya UMCA huko Zanzibar, alipewa ukasisi mwaka 1898, Mwafrika wa kwanza katika dayosisi ya Likoma. Aliishi Unangu, milimani mashariki ya ziwa, na kitabu chake cha historia ya Wayao kwa lugha yao, kilichochapishwa mwaka 1919, bado kinatumiwa na wanahistoria. Leonard Kamungu, kijana wa ufukweni, akawa kasisi mwaka 1909, kisha akajitolea kwenda kuanzisha kazi Msoro, katika Zambia ya leo, akafia huko mwaka 1913. Ukisoma habari za Johnson bila kuwasoma hawa, umesoma nusu.

Kazi nyingine alifanya akiwa ameinama juu ya karatasi. Alitafsiri Agano Jipya, kisha Biblia nzima, kwa Chinyanja cha Likoma, kazi iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1912, pamoja na kitabu cha sala. Alitafsiri kwa kusikiliza: kila neno lililomtia shaka lilipelekwa kwa walimu na wazee wa vijijini kabla halijaandikwa. Mwaka 1911 Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima ya udaktari wa theolojia. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, kanisa kuu la Mtakatifu Petro lilizinduliwa Likoma, jengo kubwa la mawe lililoanzwa mwaka 1903, kwenye kiwanja ambacho zamani watuhumiwa wa uchawi walichomwa moto. Watu huja hadi leo kulistaajabia. Mimi nalistaajabia pia, lakini shemasi mkuu wa eneo hilo hakupenda kukaa karibu nalo muda mrefu. Kazi yake ilikuwa ng'ambo.

Vita vilipozuka mwaka 1914, risasi za kwanza ziwani zilipigwa Liuli. Tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, rafiki wa siku nyingi wa Rhoades, alitoka kwa mashua akiwa amekasirika, akiuliza kumetokea nini. Alikuwa hajasikia kwamba kuna vita. Kwa kanisa mambo yalikuwa mazito zaidi. Wamisionari wa UMCA waliokuwa katika nchi ya Wajerumani waliwekwa kizuizini, na walimu Waafrika wakashukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Wengine walifungwa na kuteswa. Meli ya Chauncy Maples ilichukuliwa kwa kazi za jeshi. Kwa miaka kadhaa shule za vijijini ziliendelea bila mzungu wa kuzikagua, na ziliendelea.

Vita vilipokwisha, Johnson alikuwa na zaidi ya miaka 60. Aliifanya Liuli kuwa makao yake ya uzeeni, kama neno makao linafaa kwa mtu aliyekuwa bado anatoka kwa miguu kwenda vijijini. Huko aliandika kitabu juu ya ziwa na watu wake, kilichotoka mwaka 1922, na kingine cha kumbukumbu zake mwaka 1924. Alifariki Liuli Oktoba 1928, akiwa na miaka 74, na akazikwa hapohapo. Miaka 52 ya maisha yake ilipita Afrika.

Eneo alilolizunguka mtu huyu mmoja limegawanyika mara nyingi tangu hapo. Mwaka 1952 upande wa Tanganyika ulitengwa kuwa sehemu ya Dayosisi ya South-West Tanganyika, na mwaka 1971 Dayosisi ya Ruvuma ikaundwa, Liuli ikiwamo. Niassa ya Msumbiji ikapata dayosisi yake mwaka 1979. Likoma, na lile kanisa kubwa, ipo katika Dayosisi ya Northern Malawi. Maaskofu watatu, wa nchi tatu, wanaongoza leo ufuko ambao shemasi mkuu alikuwa akiutembelea kwa safari moja.